Nilivyofukuzwa kwa Karata Tano

Karakana ya makochi,
nyuma ya duka la vioo,
Jumatatu asubuhi.

Kwako Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye nyumba,

KUH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MCHEZO WA POKA, NA OMBI LA KUUPIGA MARUFUKU NYUMBANI KWAKO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti cha dirishani ambacho mpaka Jumamosi kilikuwa changu. Mimi pia ni mzima, ukiondoa mgongo. Nakuandikia nikiwa juu ya kochi la mteja ambalo bado sijalivika kitambaa, na springi zake zimeshanizoea mbavu zote. Baada ya wewe kunifukuza mbele ya watu, sikuwa na pa kwenda ila hapa kazini.

Shemeji, sikuja kwako kwa ubaya. Nilikuja paa la chumba changu lilipong'olewa, nikasema nitakaa wiki moja, na sitaki tuanze kuhesabu. Nimelala sebuleni kwako kwa adabu zote, miguu ikining'inia nje ya kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe bila kujua nani atakuja kulilalia. Kitu nilichokitamani ni kimoja tu, nami nilikisema wazi: kile chumba kidogo cha nyuma ya jikoni. Ukasema kitakuwa ofisi yako. Ofisi ya nini, Shemeji? Wewe ni mwalimu wa udereva, ofisi yako ina magurudumu manne. Lakini nilirudi zangu kochini.

Ndipo Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mvua imetufungia ndani, ukatoa karata, ukanikalisha mezani pamoja na mama yako, Bi Mkubwa, ukasema leo utanifundisha poka. Tukagawana vibanio vya nguo vya dada viwe dau. Yaliyonikuta ni haya:

1. Usiri. Kila mchezaji anapewa karata mbili, halafu anazikumbatia kifuani kana kwamba ni barua za mapenzi. Mimi nilikuzwa vizuri. Zangu nilizigeuza juu ili kila mtu azione. Bi Mkubwa alivaa miwani, akazisoma moja moja, akanishukuru kwa heshima, kisha akavizoa vibanio vyangu nusu.

2. Karata za wote. Mezani zinawekwa wazi karata tatu, baadaye ya nne, baadaye ya tano, na kila mara watu wanaulizwa kama wanapita, wanafuata dau, wanapandisha au wanajitoa. Hilo nililielewa. Lakini wewe kwa kinywa chako ulisema zile tano ni za wote. Na mimi je, si mmoja wa hao wote? Nikachukua moja niliyoipenda, nikaitia mfuko wa shati. Kelele mlizonipigia ungedhani nimeiba pasi ya umeme! Baada ya kelele ndipo ukaeleza kwamba za wote maana yake ni za kutazamwa tu, kila mtu azichanganye kichwani na zake mbili, atafute tano zilizo bora. Sasa huo ni ukarimu gani? Unamwambia mtu chakula ni cha wote, akinyoosha mkono anapigwa kofi. Kofi lilikuwa la Bi Mkubwa, kwa hiyo kuhusu kofi lenyewe silalamiki.

3. Rangi. Ulisema karata tano za rangi moja ni ushindi mkubwa. Nikapata tano nyekundu, zangu mbili na tatu za mezani. Nikazilaza zangu mezani kwa furaha. Mkacheka! Eti tatu ni kopa na mbili ni uru, kwa hiyo rangi si moja. Shemeji, mimi ndiye fundi wa makochi. Nalinganisha vitambaa kutwa nzima, naweza kukutenganishia nyekundu ya mto na nyekundu ya mgongo wa kochi hata umeme ukikatika. Zile karata zilikuwa nyekundu. Kama mnataka maumbo, semeni maumbo.

4. Uongo. Bi Mkubwa, mama wa watu, ambaye hata dawa ya kikohozi haimezi bila kupima na kijiko, alipandisha dau mara mbili uso mkavu. Nilikuwa na jozi ya kumi. Lakini mimi nimpandishie dau mama mzima? Nina wazimu? Nikajitoa kwa heshima. Akafunua zake: mbili na saba, hazina undugu wala ujirani. Alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye chai. Nawe ukasema huo ndio uzuri wa mchezo. Mzazi wako anadanganya mchana kweupe, wewe unampigia makofi!

5. Nyumba. Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe.

Ulikuwa umenifundisha jozi, jozi mbili, tatu za aina moja, mfululizo na hiyo rangi yenu. Yaliyobaki ukasema nitayajua nikiyaona. Haya. Mkononi nikapata malkia wawili. Mezani wakaja malkia wengine wawili, mfalme, saba na nne. Nikapiga hesabu: jozi mkononi, jozi mezani, jumla jozi mbili, tena zinafanana kama foronya za seti moja. Nilisisimka, Shemeji, sitaficha. Nikasukuma vibanio vyangu vyote katikati. Bi Mkubwa akajitoa. Wewe ulikuwa umeishiwa vibanio, ukajipapasa mfukoni, ukatoa ufunguo wa kile chumba kidogo, ukaudondosha juu ya rundo. Nikaona kitanda. Nikaona miguu yangu imenyooka.

Ndipo ukalaza wafalme wako wawili, ukapiga meza kwa kiganja, ukanitazama machoni mimi, mgeni wako, ukatangaza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Nyumba imejaa!"

Nilifahamu. Mimi si mtoto mdogo. Kumbe kupika kote kule, kunywesha chai kote kule, ulikuwa unatafuta upenyo wa kunitamkia neno hilo. Niliziweka karata zangu kifudifudi chini ya kikombe changu, nikakunja shuka, nikachukua begi na mswaki, nikaaga. Na wewe ukasema nisinune, kesho tutacheza tena. Kesho! Mtu umemfukuza, papo hapo unamwalika! Nimeumia, Shemeji. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi la sponji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mchezo huu upigwe marufuku nyumbani kwako. Pili, ukishindikana kupigwa marufuku, neno hilo libadilishwe, waseme kitu kingine chochote, na taarifa ipelekwe kwa wachezaji wote duniani. Tatu, mwenye nyumba yeyote ambaye ana mtu amelala sebuleni asiruhusiwe kushika karata. Nne, hizo karata zichomwe moto, na Bi Mkubwa azuiwe kuzitazama zikiungua maana najua atalia. Kuhusu ufunguo, sitautaja tena maishani. Mimi si mtu wa kamari.

Nisalimie dada na umwambie shuka niliyoondoka nayo nitairudisha ikiwa safi. Msalimie Bi Mkubwa, nimemsamehe. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, na paka, ambaye peke yake katika nyumba hiyo hajawahi kunidanganya.

Ni mimi shemeji yako, mgeni mstaafu,
Fundi Makochi.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, dada amenifuata hapa na foronya niliyoisahau. Ameisoma barua akaketi sakafuni kwa kicheko. Anasema nyumba imejaa ni jina tu la tatu za aina moja zikiandamana na jozi, yaani wafalme wako watatu na wale malkia wawili wa mezani, na kwamba hakuna aliyenifukuza. Kisha akauliza mimi nilikuwa na nini. Nikamwambia jozi mbili za malkia. Akaacha kucheka. Anasema malkia wanne hawaitwi jozi mbili, wanaitwa nne za aina moja, na popote mchezo huu unapochezwa wanaishinda nyumba hata ijae mpaka uani. Anasema pia Bi Mkubwa hajaruhusu mtu yeyote akisogeze kikombe changu tangu Jumamosi. Kwa hiyo yafute yote niliyoandika kuanzia namba moja. Mchezo huu ni wa haki, usiguswe hata neno moja. Nakuja leo jioni. Ondoa meza yako ya ofisi, kitanda naja nacho.