Kabati la Mvinyo la Erasmo wa Vudee

Mama Daudi wa nyumba ya chini alipanda kilima mbio, khanga mkononi, pumzi zimemwisha.

"Veneranda! Shemeji yako kaleta jeneza la kioo!"

Veneranda, aliyekuwa mlangoni akimnyonyesha Bahati, akashtuka. "Jeneza? Kafa nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Wanaume wanne wamelibeba mabegani, yeye yuko mbele anaongoza kama paroko. Na ndani lina taa!"

Halikuwa jeneza. Lilikuwa kabati la mvinyo! Erasmo, mdogo wa mume wake, alikuwa ameliagiza mtandaoni kwa pesa za tangawizi yote ya msimu. Basi lililishusha Same, likapanda mlima juu ya magunia ya mbolea, na gari liliposhindwa na utelezi, likapanda mabega ya watu. Mvinyo wenyewe Erasmo alikuwa akiuona kwa mbali tu, mikononi mwa padri.

"Shemeji," Veneranda aliuliza, "huku Vudee mwezi wa saba tunalala na masweta. Hili linakuja kumpoza nani?"

"Hujui hadhi, shemeji! Jumamosi Mzee Linus anakuja kuona nyumba atakayoolewa binti yake Jenoveva. Atakunywa dengelua iliyotoka kwenye kioo, kama balozi!"

Mzee Linus alikwisha kukataa wachumba wawili, mmoja kwa sababu ya viatu tu. Na Erasmo huyu, pamoja na majigambo yake yote, akitajiwa Jenoveva husahau kufunga mdomo. Veneranda alimhurumia.

Erasmo akakitoa kibuyu cha marehemu babu, ambacho nyumba nzima ilikuwa ikinywea dengelua, akampa Bahati.

"Chukua, mwanangu, upige ngoma! Baba yako mdogo amehama dunia ya vibuyu!"

Bahati akakikumbatia, akaking'ata shingoni.

Sasa dengelua, pombe yetu ya miwa, ni kitu hai. Huchemka yenyewe, hupumua, na kibuyuni huzibwa kwa majani tu. Erasmo aliijaza kwenye chupa tupu za mvinyo alizookota hotelini Same, akazigongelea vizibo kwa mchi wa kinu. Akazilaza kabatini, kila moja na kitanda chake. Kisha akabonyeza kitufe mpaka namba kubwa kuliko zote, maana Erasmo hajawahi kuona kikubwa kikawa kibaya.

Kumbe namba ile ilikuwa ya joto! Kabati likazilalia chupa kama kuku anayeatamia.

Jumamosi Mzee Linus akaingia, kofia ya pama kichwani, akakaa akikikodolea macho kioo.

"Hilo linalowaka ni nini?"

"Hayo ndiyo maendeleo, baba!" Erasmo akafungua mlango kwa madaha ya bwana harusi.

Pu!

Kizibo cha kwanza kiliondoka na kofia ya pama. Pu! Pu! Cha pili kikampiga Erasmo kwenye paji la uso, cha tatu kikamtoa jogoo chini ya kochi. Dengelua ikaruka mpaka darini, ikarudi kama masika. Veneranda alimfunika Bahati kwa mwili wake. Mtoto alikuwa akicheka, anataka irudiwe!

Erasmo alisimama amelowa chapachapa. Jenoveva alikuwa anapotea hivi hivi, mbele ya macho yake.

Mzee Linus akalamba masharubu polepole. Akalamba tena.

"Pombe imekomaa," akasema. "Mchumba bado. Imebaki nyingine?"

"Ipo ndoo nzima jikoni, baba."

"Basi mimi sinywi kwenye bunduki. Nipe kwenye kibuyu, kama mtu na mkwewe, ndipo tuzungumze habari za binti yangu."

Erasmo akageuka. Bahati alikuwa amekaa juu ya kibuyu, amekikamata kwa mikono yote miwili, macho makavu kabisa.

"Shemeji," Erasmo alinong'ona, dengelua ikimchuruzika puani, "nakuomba, niombee kwa huyo mzee wa pili. Mwambie baba yake mdogo amerudi kwenye dunia ya vibuyu."