Chumba cha Mama Mkwe Kinaifaa Zaidi Wiski

Kwa Mama Mkwe mpendwa, uliye mapumzikoni nyumbani kwa mdogo wako,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MKUSANYO WANGU WA WISKI, PAMOJA NA OMBI LA CHUMBA CHA NYUMA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na miguu umeinyoosha juu ya kochi la mama mdogo. Sisi huku hatujambo. Chupa nazo hazijambo, isipokuwa zile nitakazozitaja hapa chini.

Mama, nakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa. Kila nikijipanga kukueleza jambo hili ana kwa ana, wewe hunisogezea kiti, unaniuliza kama nimekula, na kabla sijaifikia hoja najikuta nimeshaosha vyombo. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Wauza nyama sokoni wakiniona kwa mbali hunyoosha migongo na kuondoa vidole kwenye sahani ya mizani. Mtu wa namna hiyo hapaswi kushindwa na swali la kama amekula. Lakini ndivyo ilivyo, kwa hiyo nimeona nitumie kalamu, maana kalamu haikaribishwi chai.

Niseme mapema kwamba sina kinyongo na wewe hata kidogo. Umetulelea watoto, umetushonea mapazia, umenitetea kwa binti yako mara nyingi kuliko nilivyostahili. Tatizo ni dogo na si la mtu. Tatizo ni kwamba unalala ndani ya chumba bora kabisa cha kuhifadhia wiski katika mtaa huu mzima.

Na wakati hautusubiri. Jumamosi ijayo kamati ya Chama cha Wakusanyaji inakuja hapa nyumbani kuamua kama nilicho nacho ni mkusanyo au ni chupa tu. Unajua mwenyewe nimekaa kwenye chama hicho nikiwa mwanachama mtazamaji, yaani mtu anayeruhusiwa kunusa lakini haruhusiwi kuchangia hoja. Wakinikataa safari hii, sitapewa nafasi nyingine. Kwa hiyo naomba unisikilize, moja baada ya jingine.

1. Kulazwa kwa chupa.

Nilipokuwa nasafiri kikazi nilikuomba, kwa kinywa changu mwenyewe, chupa zilale mahali penye giza. Mama, sote tunajua gari hulala gereji, na hakuna aliyewahi kulipindua ubavu. Hela hulala benki, na hakuna anayezifunika shuka. Nilimaanisha zikae huko zisipigwe na jua. Niliporudi nilizikuta chini ya kitanda chako, zimelazwa chali, zimepangwa kwa urefu, zimefunikwa vizuri mpaka shingoni, na wewe unanyata usiziamshe.

Wiski si divai, Mama. Divai hulala, wiski husimama. Kileo chake ni kikali, na kikishinda kinagusa kizibo hukila taratibu mpaka kikaachia. Chupa mbili ziliachia juu ya zulia lako. Nasikia wiki ile ulipata usingizi mzuri ambao hujawahi kuupata tangu uhamie kwetu, na nafurahi kwa ajili yako, lakini usingizi ule ulikuwa wangu.

2. Umri wa wiski.

Wiski huzeeka ikiwa ndani ya pipa. Ikishatiwa kwenye chupa, umri wake umekwisha hapo hapo. Ikiandikwa miaka kumi na miwili, itabaki kumi na miwili hata tukiizika na kuifukua. Nilikueleza hayo, ukaniambia, "Mwanangu, hakuna kitu kisichokua." Nikadhani ni mazungumzo tu. Kumbe kila mwaka ulikuwa unachukua kalamu ya wino wa bluu, unaikata ile kumi na miwili iliyochapwa kwa maji ya dhahabu, unaandika kumi na mitatu. Mwaka uliofuata ukakata tena. Kuna lebo sasa inafanana na daftari la mtoto asiyejua hesabu.

Mkusanyaji, Mama, lebo kwake ndiyo kila kitu. Chupa yenye lebo iliyochorwa haina heshima popote. Na ile chupa yangu kubwa kuliko zote, ile ninayoinawia mikono kabla ya kuigusa, umeiandikia pembeni "Hongera, umekuwa mkubwa." Nilikaa chini. Halafu nikakusikia jikoni ukimwambia binti yako, "Huyu mume wako ana roho ngumu. Ana vitoto vyote hivi humu ndani na hakuna hata kimoja anachokumbuka kina miaka mingapi."

3. Vifulana.

Niliwahi kusema mezani kwamba wiski haitaki mwanga, haitaki joto, haitaki baridi. Nilikuwa naongea na binti yako. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako unafuma sufu, na mimi sikujua kwamba mtu anayefuma anasikiliza. Baada ya hapo kila chupa ikapata fulana. Ya njano, ya kijani, nyingine ina vifungo mbele, na zile zenye shingo ndefu umezivisha na kofia.

Kabati langu la vioo, lenye taa ndani, lililotengenezwa na fundi kwa vipimo nilivyovichukua mimi mwenyewe, sasa linafanana na darasa la chekechea siku ya mvua. Lebo hazionekani hata moja. Nikitaka kujua chupa ipi ni ipi inabidi niifungue vifungo polepole, kimoja kimoja, na mtu akiingia ghafla akanikuta katika hali hiyo, sina maelezo ya kumpa.

4. Malalamiko haya nimeyafuta kwa sababu ya heshima. Yalihusu kukoroma. Sitayaeleza. Niseme tu kwamba wiski haipendi kutikiswa, na kwamba ukuta wa kichwani mwa kitanda chako ndio huo huo unaobeba kabati langu.

5. Wageni wangu.

Mwenyekiti wa chama chetu, daktari wa meno ambaye wote tunamwita Koleo, si mtu wa kumtembelea kila mtu. Alipokubali kuja kuangalia mkusanyo wangu kabla ya kamati, nilifuta vioo tangu asubuhi na kukariri maelezo ya kila chupa, mto yalikotoka maji yake na mti uliotengenezewa pipa lake. Akaingia, akaona vifulana, akacheka mpaka akavua miwani. Sikukasirika. Nikafungua mdomo nianze maelezo. Hapo ndipo ulipotokea wewe na kumuuliza kama amekula.

Sikumwona tena mpaka jioni. Nilikuwa nasikia vicheko tu kutoka chumba cha nyuma, na mara moja nilimsikia akikuimbia. Alitoka huko amepimwa kifua na mabega kwa ajili ya sweta. Mlangoni akanishika mkono akasema, "Ndugu yangu, una hazina humu ndani." Moyo ukanijaa furaha. Nikamuuliza ni chupa ipi hasa iliyomgusa. Akaniangalia, akasema, "Chupa gani?"

Mama, yule mtu aliondoka bila kusoma lebo hata moja. Na ndiye atakayepiga kura Jumamosi.

6. Sasa nafika kwenye chumba chenyewe.

Sebule yetu ina dirisha pana linalotazama magharibi. Kuanzia mchana jua linaingia kama mgeni asiyejua kuaga, linakaa juu ya kabati mpaka jioni. Nikifunga mapazia, watoto wanafanya kazi za shule kwa tochi, na binti yako anasema nyumba inanuka kama kaburi lenye zulia. Nikiyafungua, wiski inapauka. Chumba chako, kwa upande mwingine, kina dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Jua halijawahi kukanyaga humo. Sakafu ni ya baridi, mlango mnene, hewa haibadiliki masika wala kiangazi. Wewe umekuwa ukilalamika kuhusu mambo hayo hayo kwa miaka, ukisema chumba kina giza na magoti yanakuuma. Mama, ulichokuwa unakieleza wakati wote ni ghala la wiski la kiwango cha juu.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimegundua kosa letu liko wapi. Katika kila nyumba kuna vitu vya kuhifadhiwa na vitu vya kuonyeshwa. Sisi tumevipanga kinyume. Chupa, ambazo mwanga unaziharibu, tumeziweka sebuleni ziangaliwe. Wewe, ambaye mwanga haukuharibu, na ambaye wageni wote wanataka kukuona, tumekuhifadhi gizani. Mtu yeyote anayejua kupima ataona mzani umeinama.

Kwa hiyo naomba tubadilishane. Chupa ziingie chumba cha nyuma, zivuliwe nguo, zisimame. Wewe uhamie sebuleni, palipo na upepo na televisheni. Kabati la vioo litakuwa lako. Vitenge vyako vitapendeza sana kwenye zile rafu, na taa ya ndani itakusaidia kutafuta miwani. Mgeni akifungua mlango atakuona papo hapo bila kusumbuka, nawe utamuuliza swali lako.

Nikalitazama hilo tena nikaona bado lina dosari, kwa kuwa sebule ikiwa na wewe haitabaki nafasi ya kupokea kamati. Ndiyo sababu napendekeza, kwa unyenyekevu mkubwa, ubaki kwa mama mdogo mpaka kamati ipite. Na kwa kuwa chupa zikishahamishwa hazipaswi kuhamishwa tena hovyo hovyo, huenda ingekuwa vyema ubaki huko moja kwa moja. Chumba kitatunzwa kwa heshima ambayo hakijawahi kuipata. Utakaribishwa kukitembelea wakati wowote, ilmradi utoe taarifa, uvae soksi, usiwe na kalamu, na sindano za kufumia uziache kwangu mlangoni.

Najua jambo hili ni zito kulisoma. Lakini wewe ni mtu mwenye busara, na naamini ukilipima bila hasira utakubali kwamba katika nyumba yenye chupa nyingi na mama mkwe mmoja, wengi wana haki yao.

Nakutakia afya njema. Nisalimie mama mdogo, mume wake na shemeji zangu wote wa huko, wakubwa kwa wadogo, pamoja na jirani yule mwenye mguu unaomsumbua. Watoto wanakusalimu sana, wanauliza unarudi lini, nami nimewaambia suala hilo liko kwenye majadiliano.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mkaguzi wa Mizani, na Mwanachama Mtazamaji

N.B. Mama, barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi binti yako alikuwa ameshaisahihisha. Unajua jinsi ualimu mkuu ulivyomharibu, haoni karatasi akaipita. Amejaza kalamu nyekundu kila mahali, na amenikataza nisiiandike upya. Anasema utaipokea kama ilivyo, na ataileta kwa mkono wake.

Pembeni mwa hoja ya kwanza ameandika: "Aliyesema zilale ni nani?" Kwenye ya pili: "Mbona wewe mwenyewe una miaka arobaini kila mwaka?" Kwenye ya tatu: "Zikivaa fulana, jua linazipata wapi? Hoja hii inaiua ya sita." Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta jibu, na kusema kweli, Mama, inaiua. Mwishoni amenipa alama mbili, zote za mwandiko.

Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya mtihani wa mdomo, ni nani katika nyumba hii anayezitoa chupa hizo kabatini kila jioni, anayezitikisa sikioni, anayezimulika tochi, anayefungua vizibo vyake anuse na kuvirudisha. Nikasema ni mimi. Akauliza kama Mama amewahi kufanya hata kimoja kati ya hayo. Nikasema hapana. Akasema basi anayeiharibu wiski amejulikana, na kwamba kwa kanuni zangu mwenyewe anayetakiwa kuhama tunamjua. Begi langu liko mlangoni. Amelifunga mwenyewe, na amelifunga vizuri, jambo linalonitia hofu.

Koleo naye amepiga simu. Anauliza sweta imefika wapi, na anasema kama Jumamosi hupo kamati itaahirisha.

Mama, nyumba hii haisikii neno la mtu ila lako. Watoto wanakula wamenyamaza. Tangu uondoke hakuna aliyeniuliza kama nimekula, na sijala. Chumba chako sijaweka humo chupa hata moja, niliingia tu nikakaa kitandani kupima giza, nikakaa mpaka nikasahau nilichokuwa napima. Ukirudi nitakitobolea dirisha jingine upande wa jua, kwa ajili ya magoti yako. Njoo umwambie binti yako anisamehe, maana mimi nikifungua mdomo ananisahihisha.

Amenipa nafasi iliyobaki chini ya ukurasa huu tu, na sasa nimefika ukingoni. Rudi, Mama. Nakuomba urudi.