Pua ya Otilia

Jumatatu, 7 Julai
Mwonja kahawa wa chama chetu cha ushirika amestaafu. Meneja, Mzee Mansuetus, ametangaza mtihani Ijumaa. Waombaji wawili: mimi, niliyepima magunia kwenye mizani miaka kumi na moja hadi mgongo ukapinda, na Otilia wa meza ya kuchambua. Mwonja hufanya kazi amekaa. Hilo tu ndilo ninalotaka. Tatizo ni moja. Tangu yale mafua ya mwaka juzi, sinusi kitu. Anajua mke wangu Luisa peke yake. Kasema niombe kazi nyingine. Nimeshaomba hii.

Jumanne, 8 Julai
Nimemwendea Mwalimu Tumpe, anayefundisha baiolojia sekondari. Ametoka Mbeya, hana ndugu hapa, siri haitatembea. Kaeleza kuwa mwili una vipokezi vya hisia, kila kimoja na kazi yake. Vya puani hudaka harufu, vya machoni mwanga, vya ngozini mguso, joto na baridi. Hakuna kinachomshikia mwenzake zamu. Ulimi wenyewe hujua tamu, chumvi, chungu, chachu na vichache vingine. Utamu mwingi tunaousifia kahawa ni kazi ya pua. Nikauliza, pilipili je? Akasema pilipili si ladha, inaamsha vipokezi vya joto na maumivu. Nimeondoka na neno moja: inaamsha.

Jumatano, 9 Julai
Nimepaka puani pilipili kichaa iliyotwangwa. Vipokezi vya maumivu viko hai kabisa. Nimepima magunia huku machozi yakitiririka. Mzee Xavery, mkulima wa Kingerikiti, akaacha magunia yake ya kahawa, akanishika mkono na kunipa pole ya msiba. Niliona aibu kukanusha. Nimemzika kwa mdomo mjomba wangu wa Chiwanda, ambaye jana tu alinipigia simu. Harufu: hakuna.

Alhamisi, 10 Julai
Mpango mpya. Pua imekufa, macho yapo. Otilia hawezi kuficha kitu usoni. Nimemwomba Mzee Mansuetus tuonje pamoja, Otilia mbele, mimi nyuma. Kakubali. Akitabasamu, kahawa nzuri. Akikunja pua, imechacha. Nilipomweleza Luisa, akasema, "Baba Beata, kapumzike."
Shemeji Edmund amekuja kutoka Mbamba Bay na ndoo ya usipa, dagaa wabichi wa ziwani. Imevuja juu ya koti langu la mtihani. Nimelisuuza, nikalinusa. Safi.

Ijumaa, 11 Julai
Vikombe sita. Otilia akainamia cha kwanza, nami nikasogea begani kwake. Akakunja pua. Nikaandika: imechacha. Cha pili, akakunja zaidi. Cha tatu, akajiziba uso kwa kitenge. Nikaandika: imeoza. Hivyo hivyo hadi cha sita.
Mzee Mansuetus akaisoma karatasi yangu kwa muda mrefu. Cha tatu kilikuwa cha shamba lake mwenyewe. Akauliza kwa upole kama naumwa, kisha akafungua madirisha yote. Otilia amepata kazi.
Baadaye akanivuta kando, watu wasisikie.
"Kaka Wendelin, koti lako linanuka samaki. Tangu lini hunusi?"
Nikasema nanusa vizuri sana, yeye ndiye ana pua kali mno. Hakucheka. Akasema nafasi yake kwenye meza ya kuchambua iko wazi, kazi ya macho na vidole, ya kukaa, na yuko tayari kuniombea kwa meneja. Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu.
Nikarudi kwenye mizani. Magunia arobaini kabla ya kufunga.

Jumapili, 13 Julai
Sikuweza kupiga magoti kanisani, mgongo haukubali. Baada ya misa padri ametangaza kwamba kwaya inatafuta mwalimu. Sikio langu la kushoto limeziba tangu Pasaka, na la kulia halijawahi kutofautisha do na sol. Si neno. Serafina wa sauti ya kwanza hufungua mdomo wote akiimba. Nitasimama mbele yake nimtazame. Nimejiandikisha wa kwanza.