Hatujaridhika Kwamba Utarudi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyimwa viza. Mara ya tatu hii. Karatasi ileile, sentensi ileile: "Hatujaridhika kwamba utarudi." Hata mhuri wameugonga kwenye kona ileile.

Mjukuu wangu ana miezi minane na sijamshika hata siku moja. Namwona kwenye simu tu, tena nusunusu, kwa sababu binti yangu hajui kupanga picha. Ananionyesha paji la uso la mtoto na dari. Na mimi, baba yake, nina studio ya picha mwaka wa ishirini na sita!

Tena picha za pasipoti. Nusu ya mji huu imekaa kwenye kigoda changu kabla ya kwenda ughaibuni. Najua nchi gani inataka masikio yote mawili, nchi gani inakataa miwani, nchi gani haitaki pazia jeupe. Nimewaambia watu wasitabasamu, wamenuna vizuri, wamekwenda zao. Aliyebaki ni mpiga picha.

Dada wa kazi ameleta chai. Ndiye anayeangalia nyumba tangu mke wangu afariki, miaka sita sasa. Ameomba ruhusa ya siku nne aende kwao kijijini. Mwanawe anaanza darasa la kwanza. Nimemwambia amechagua siku mbaya ya kunitajia watoto.

Jumanne, 4 Machi

Akili imenijia nikinyoa ndevu. Wanataka sababu ya mimi kurudi? Nitawapa sababu mpaka wachoke kuzisoma. Mtu mwenye mali hahitaji kulazimishwa kurudi kwao. Mali sina, lakini kamera ninayo.

Seremala wa mtaa wa nyuma ana sofa mpya inayosubiri mwenyewe. Nimeiazima saa moja. Nimekaa juu yake nimekunja nne, mkono umelala kwenye egemeo. Kisha nikasimama kando ya gari la daktari wa meno, mkono juu ya boneti, kama mtu aliyechoka kulimiliki. Mwenyewe alikuwa ndani anang'oa jino la mtu. Hakusikia kitu.

Kinyozi wa mlango wa pili amesimama kizingitini akicheka. Mimi na yeye haziivi tangu alipobandika tangazo la "Picha za Pasipoti" juu ya kioo chake, wakati anapiga kwa simu! Amesema hata nikipigwa picha na serikali nzima, viza sipati. Saa kumi jioni amerudi bila kucheka. Ana kaka yake huko, hawajaonana miaka tisa. Ameuliza kama sofa bado ipo.

Sikuwa na roho ya kumnyima. Wala sikuwanyima wateja wawili waliosikia.

Alhamisi, 6 Machi

Mkwe amefika. Mama wa mume wa binti yangu, mzaliwa wa huko. Jumapili aliwaza kuja kuona alikokulia mke wa mwanawe. Leo Alhamisi yuko sebuleni kwangu, na begi dogo ambalo mimi nisingeenda nalo hata sokoni.

Anajua maneno kama arobaini ya kwetu, kafundishwa na binti yangu. Nimemwuliza aliombwa karatasi gani. Hakuombwa. Afisa wa uwanja wa ndege alimwuliza atakaa siku ngapi, akasema bado hajui. Wakamgongea mhuri na kumkaribisha.

Bado hajui! Mimi nimewaandikia kurasa tatu, mpaka saa nitakayofungua studio nikirudi.

Ubaya ni kwamba ni mama mwema. Ningependa awe na kiburi kidogo, ingenisaidia. Ameniambia mtoto ni mzito na akilala anamwaga udenda shingoni mwa mtu. Amechukua mto wa kiti akauweka begani, akaupigapiga mgongo polepole kunionyesha. Nimeutazama ule mto kwa muda mrefu. Nimeuonea wivu mto, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuta soksi ya mtoto imenasa ndani ya mkono wa sweta ya mkwe. Ndogo, ya njano, inaingia vidole vyangu viwili tu. Nimeinusa. Imenuka sabuni, alikuwa ameshaifua. Ameomba radhi mara tatu. Nimeitia mfuko wa shati.

Badala ya kwenda zake, amebaki mlangoni. Amesema mwanawe alikuwa na mguu wa kipimo kile alipomwacha kwa bibi yake kuja kufanya kazi hapa. Sasa anataka kumnunulia viatu vya shule na hajui namba. Mara ya mwisho kumwona ni miaka miwili iliyopita. Ameomba tena zile siku nne.

Mimi ni mtu wa haki. Nimemwambia mambo ya kuombana mlangoni hayafai, alete maombi kwa utaratibu. Barua ya mwenyekiti wa kijiji. Picha mbili, masikio yaonekane. Hizo nitampiga bure. Na ushahidi kwamba atarudi, maana msichana wa jirani alikwenda kwao siku tatu na huu ni mwaka wa pili. Ameuliza ushahidi wa namna gani. Nimemjibu hilo ni la mwombaji kujua.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu.

Ubalozini, dirisha namba nne. Afisa kijana, mpole, tai yake nzuri. Amezitazama picha zangu, akasimama, akaenda kabatini, akarudi na nyingine. Amezipanga mbele yangu kama karata. Mimi kwenye sofa. Kinyozi kwenye sofa. Wateja wawili kwenye sofa. Sofa moja, na nailoni ya seremala haijatolewa. Gari moja, mikono minne juu ya boneti moja.

Ameuliza sofa ni ya nani. Nimesema mtaa wetu tunapendana sana.

Kisha akazigeuza. Nyuma ya kila picha, mhuri wa bluu: jina la studio yangu na namba ya simu. Miaka ishirini na sita nagonga mhuri nyuma ya kila picha inayotoka mlangoni. Mkono umegonga wenyewe, sikuutuma.

Karatasi nimeipata palepale. Ya nne. Nimemwuliza kupitia tundu la kioo kama ana mtoto. Amesema, "Anayefuata."

Kinyozi naye amekataliwa. Hanisalimii. Amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, amekigeukia kioo, na wateja wanasubiri.

Jumatano, 12 Machi

Maombi ya dada yamekamilika. Nimeyasomea sebuleni, yeye amesimama. Barua ya mwenyekiti ipo, imeletwa na dereva wa basi. Picha zipo. Kwenye ushahidi ameandika kwa mkono wake: "Nitaacha sanduku langu la nguo na kitenge alichoniachia mama."

Nimefikiri sana. Sanduku si sofa, lakini sanduku linaweza kuachwa. Nimechukua kalamu nikaandika chini: "Sijaridhika kwamba utarudi." Si kazi rahisi, kumbe. Nimeanza kuwaelewa kidogo wale watu wa dirishani, ingawa roho zao bado ni mbaya.

Dada amesema, "Sawa, baba." Amezikunja karatasi vizuri akaenda jikoni. Mkwe ameuliza kumetokea nini. Nimemweleza kwa maneno yake arobaini. Amenitazama, akainuka, akaenda kumsaidia dada kuosha vyombo. Wageni wana tabia zao.

Ijumaa, 14 Machi

Dada ameondoka. Bila ruhusa! Mkwe amemsindikiza stendi asubuhi na hafichi. Sanduku liko kando ya mlango wa jikoni, ufunguo juu yake, na kikaratasi kwamba atarudi Jumanne.

Watu wa namna hii ndio wanaotuharibia jina ubalozini. Mtu anakataliwa kwa maandishi na bado anaenda! Nimejipikia chai. Sukari sijui inakaa wapi katika nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe naye kaondoka. Amebadili tiketi kwa simu akiwa anakunywa maji, kama mtu anayebadili chaneli. Nimembebea begi mpaka kwenye teksi, na sikutaka kuliachia. Keshokutwa mikono ile itamshika mtoto. Nilitaka kuipeleka soksi kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nimeitoa mfukoni nikampa. Amenirudishia. Amesema nibaki nayo tu, mtoto haimtoshi tena.

Nimekaa studio mchana kutwa bila kuwasha taa. Mjukuu angesubiri kidogo basi, asikue kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Dada amerudi. Saa nne asubuhi, siku ileile aliyoandika. Amefungua sanduku, amejifunga kitenge cha mama yake, ameingia jikoni. Sukari ilikuwa nyuma ya unga.

Nimemwambia kurudi mara moja si ushahidi wa chochote, na siku nne nazikata kwenye likizo ya mwaka ujao. Kama atataka kwenda tena, aanze maombi mapema. Amesema, "Sawa, baba." Amesema pia mwanawe anavaa namba thelathini, na siku ya kwanza hakumtambua mama yake.

Nikiwa nakunywa chai, akili ikanijia. Maombi ya tano! Sababu ya kurudi, na safari hii ni ya kweli kabisa: nyumbani kwangu yupo mtu anayenitegemea. Nimemwita studio nikamkalisha kwenye kigoda. Ameuliza kama anaweza kushika picha ya mwanawe kifuani, iliyopigwa siku ya kuanza shule. Nimemweleza kwamba nchi ile haitaki watu wawili kwenye picha moja.

Nimemwambia asitabasamu. Hakuwa na haja ya kuambiwa.

Picha imetoka vizuri sana, masikio yote mawili yapo. Nimeikausha, nikaikata kwa kipimo, nikaigonga mhuri nyuma.