Mlango wa Kizulu

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Kidato cha nne nimemaliza. Kazi sina, isipokuwa kumnakilia Madam Judica tasnifu yake. Amepanga chumba chetu cha uani. Anaandika kuhusu kauli ya kutendwa katika Kizulu; mimi nachora matawi ya sentensi kwa rula.

Leo nimeona maajabu! Umfana udla isinkwa: mvulana anakula mkate. Geuza. Isinkwa sidliwa ngumfana: mkate unaliwa na mvulana. Mkate unapanda kwenye kiti cha mtenda, mvulana anasukumwa mwisho. Halafu unaweza kumfuta kabisa! Isinkwa sidliwa. Sentensi nzima, salama. Mkate unaliwa, mlaji haonekani popote.

Elimu hii niliihitaji tangu Oktoba. Baba na Mama waligombana. Baba akatoka kupoza hasira, Mama akaenda jikoni uani. Nikasukuma komeo la mlango, majirani wasije kudadisi. Mtu akagonga mara moja. Nikadhani ni Benedikta wa jirani, amekuja kusikiliza vizuri. Sikufungua.

Alikuwa Baba. Akaenda zake Katesh kwa kaka yake. Anasema Mama alimfungia nje. Mama anasema ameachwa bila hata kwaheri. Anayejua ni mimi peke yangu. Na mimi hata kuitikia "nipo" darasani nilishindwa.

Jumatano, 4 Desemba

Barua imeandikwa!

"Shikamoo Baba. Siku ile mlango ulifungwa. Ulipogongwa, haukufunguliwa. Inasikitikiwa sana. Chakula bado kinapikwa. Unasubiriwa."

Nilimwonyesha Madam, nikasema ni zoezi. Akauliza watenda wako wapi. Nikasema wamedondoshwa. Akacheka, akaniwekea vema kwa kalamu nyekundu. Vema!

Shangazi Shumbana, dada yake Baba, anakwenda Katesh Ijumaa. Ataipeleka. Amesema na yeye atamwambia kaka yake yaliyo moyoni. Naogopa. Shangazi hana kauli ya kutendwa hata moja kinywani. Kwake ni wifi alimfukuza, wifi ana mdomo, wifi atajua mwenyewe.

Jumamosi, 7 Desemba

Shangazi amerudi. Kanivuta pembeni. Baba alisoma mara mbili, kisha akauliza: ulifungwa na nani?

Akajijibu mwenyewe. Mwandiko wa mwanangu Farida, maneno ya mama yake. Hata kukiri tu anaona tabu! Basi apelekewe koti lake.

Koti! Lile la msumarini, nyuma ya mlango. Maadamu lilikuwa pale, nilijua atarudi.

Kwa Mama, Shangazi alidai koti tu. Barua hakuitaja.

Nilimwuliza Madam kosa liko wapi. Akasema ndivyo kauli hiyo ilivyo. Mtenda anafutwa mdomoni tu. Kiti chake bado kina mwenyewe, na yeyote anaweza kumwulizia. Angeniambia Jumatatu!

Jumapili, 8 Desemba

Mama kalitungua koti, akalipiga pasi kabla ya kulikunja. Nyuma ya mlango rangi imebaki safi, umbo la mabega. Madam alinifundisha hili: kinachohama kwenye sentensi huacha alama pale kilipotoka. Haisikiki, lakini ipo.

Mama akaniuliza, bila kuniangalia, kama siku ile baba yangu aliondoka hivi hivi tu. Hata hakugonga?

Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua. Nikasema, paligongwa.

Akauliza, wapi?

Nikasema, kwa Benedikta.

Akamimina chai vikombe vitatu, kwa mazoea. Kimoja akakirudisha kwenye chupa.

Jumatatu, 9 Desemba

Koti limekunjwa na Mama. (Huyu sikuweza kumdondosha.) Litakwenda na Shangazi Ijumaa.

Nilimwuliza Madam kama ipo kauli ambayo mtu hawezi kuuliza "na nani". Akafurahi mno. Ipo! Kutendeka! Mlango ulifungika. Huwezi kusema ulifungika na fulani. Mtenda hakufutwa, hakuwahi kuwepo! Hata Wazulu wanayo.

Kisha akaweka kalamu chini, akaniangalia. Akauliza huo mlango ni upi hasa.

Nikasema ni wa Kizulu.

Barua mpya nitaitia mfukoni mwa koti. Nimeshaanza:

"Shikamoo Baba. Siku ile mlango ulifungika."