Beberu, Fleshi na Kompyuta Tatu

Jumapili, 21 Desemba 2025

Nimeteuliwa! Karibu niteuliwe. Babu Basili amesema baada ya misa, mbele ya baba zangu wote waliokwisha kufika kijijini Uru kwa Krismasi: nikisimamia vizuri mgawo wa nyama Jumamosi ijayo, mimi ndiye katibu wa ukoo. Hakuna mwanamke aliyewahi. Nilijibu kwa utulivu kwamba ninashukuru. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikaruka mara nne.

Mgawo si mchezo. Beberu wa ukoo ana vipande kumi na tisa na kila kipande kina mwenyewe: kidari, shingo, mbavu za kulia, mpaka ulimi. Mwaka jana orodha ilivuja, watu wakaanza kumshawishi Babu, kidari kikahama. Baba mdogo Rogath akaambulia mbavu. Hakumsalimia mtu mpaka Pasaka.

Babu ana miaka themanini na minane, amechoka kukumbuka. Amenitajia orodha yote, nimeiandika kwenye karatasi mbili. Sharti lake: kitu cha ukoo hakishikwi na mtu mmoja. Iwe kwangu, kwa Baba mkubwa Augustino anayetoka Dar, na kwa Primus.

Primus! Mtoto wa Baba mdogo Rogath, anauza bima Arusha, anautaka ukatibu tangu azaliwe. Haioni orodha kabla ya siku. Nitaisimba: faili lifungwe kwa nenosiri, asiye nalo aone takataka tu. Wote watatu tutakuwa na faili, hakuna atakayelisoma mpaka nitamke nenosiri. Akili kubwa hii.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimechapa orodha kwenye kompyuta. Nimechoma karatasi kwenye mafiga. Shangazi Tereza aliuliza nachoma nini, nikamwambia ni usalama wa taarifa. Akasema nifanye haraka, anataka kubandika mtori wa ndizi.

Kompyuta yangu inatumia Linux. Nilijifunza mwenyewe chuoni, wenzangu wa takwimu waliniogopa. Nimesimba fleshi nzima, nenosiri la herufi ishirini na sita. Nimempa Primus fleshi hiyo, nimemwambia aichomeke tu aone kama inatambulika. Asiguse kitu.

Yeye ana Windows. Windows haikuielewa fleshi ya Linux, ikamwuliza kama iifomati kwanza. Akakubali! Eti iliuliza kwa adabu. Fleshi tupu, haina hata nukta. Akataka kujua, dada Winfrida, hiyo siri yako ni siri mpaka kwa fleshi yenyewe? Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Faili halisi bado liko kwangu. Sijashindwa. Ndiyo kwanza napata moto.

Jumanne, 23 Desemba

Baba mkubwa Augustino kafika. Ana Mac, ameifunga kwa kitenge cha Mama mkubwa. Nilimwamkia shikamoo na kumkabidhi fleshi ya pili kwa pumzi ileile. Mac ikasema kitu hiki haikisomi, bora kitolewe. Baba mkubwa akauliza kwa upole kama kule chuo nilimaliza kweli.

Nikapanda juu ya shamba, mtandao unakoshika. Saa tatu za kusoma, nimesimama. Na nimejua! Kila mfumo una kufuli lake na hautaki kujua la jirani. Dawa ni programu moja ileile kwenye mashine zote tatu. Inatengeneza sanduku ndani ya faili, sanduku linakaa kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa namna inayosomeka kote. Basi!

Nikaiweka programu kwa wote. Nikatengeneza sanduku la majaribio lenye wimbo mmoja wa harusi. Linux: limefunguka. Windows: limefunguka. Mac: limefunguka!! Nilipiga kigelegele. Shangazi akatoka mbio na mwiko, akidhani ng'ombe amezaa.

Jumatano, 24 Desemba

Primus kaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, nenosiri lina herufi ngapi. Aha!

Nimeongeza ufunguo wa pili. Programu inaruhusu: unachagua faili lolote, hata picha, na sanduku halifunguki mpaka vyote viwepo, nenosiri na picha. Nimempiga picha beberu mwenyewe, amefungwa kwenye mgomba, anatafuna. Nani angeshuku?

Nimefungia orodha ndani ya sanduku, nikampa kila mmoja fleshi yenye nakala. Nimefuta ile iliyokuwa wazi. Nimetuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la watu watatu, bila kusema ni ufunguo. Kisha nimeifuta kwenye simu yangu na kwenye kompyuta, maana Primus huazima simu yangu kupiga, asije akajiuliza mbona naitunza. Siku yenyewe nitaichukua kwenye kundi kama wenzangu. Usawa.

Ijumaa, 26 Desemba

Hotuba ya shukrani imefikia dakika kumi na moja. Leo Babu kaniita katibu, mara mbili, bila kujirekebisha! Baba mkubwa alishauri tujaribu kufungua mara moja kabla ya kesho. Nikamweleza kwamba kujaribu ni kutia shaka, na pia Primus angechungulia.

Jumamosi, 27 Desemba

Saa nne asubuhi. Beberu amechunwa. Vipande kumi na tisa juu ya majani ya mgomba, wazee kwenye viti, kisusio, supu yetu ya damu, kinachemka. Nikasimama mbele ya kompyuta. Nikatamka nenosiri herufi kwa herufi. Nikachukua picha kutoka kwenye kundi.

Kompyuta ikajibu: nenosiri si sahihi, au ufunguo si wenyewe.

Mara ya pili. Mara ya sita. Kwa Baba mkubwa. Kwa Primus. Kompyuta tatu, mifumo mitatu, jibu moja! Hata katika maafa yale niliona fahari kidogo: hatimaye zinaelewana.

Nikasoma kwenye simu. WhatsApp huikamua picha iwe nyepesi kusafiri. Kwa macho ni beberu yuleyule. Kwa mashine ni beberu mwingine kabisa. Na yule wa kwanza nimemfuta mimi mwenyewe.

Nilikimbia nikampige picha upya. Sijui nilifikiri nini. Kichwa kilikuwa kwenye beseni. Nilipiga hivyo hivyo.

Babu akajaribu kukumbuka. Alipofika shingo ndugu wawili wakabishana, akakasirika, yote yakampotea. Nzi wakaanza kuja. Baba mdogo Rogath akasema amekula nyama ya kuchoma na ya kuchemsha, hii ya kufungiwa kwenye kompyuta ndiyo mara ya kwanza, je, tulambe kioo?

Hapo Primus akakohoa. Akatoa simu. Karatasi zangu mbili, mwandiko wangu! Alizipiga picha Jumatatu nilipotoka kutafuta kiberiti. Akasoma kipande kwa kipande, sauti ya padri. Kidari: Rogath. Babu akamwuliza mbona siku zote hizi alinyamaza. Akajibu kwamba orodha aliiona iko vizuri tu.

Watu walicheka mpaka kule juu kilele cha Mawenzi nadhani walisikia. Rogath kakumbatia kidari chake. Primus ni katibu. Mimi nimepewa kwato moja, ya kushoto, nje ya orodha. Nimelia kidogo, nikaitafuna.

Jumapili, 28 Desemba

Nimechambua tukio kwa makini, na matokeo ni ya kufurahisha! Sanduku halikufunguka hata kwa mwenye nenosiri. Usalama wa asilimia mia. Udhaifu pekee ulikuwa karatasi. Na orodha ilivuja kweli, tena kwa Primus, kama nilivyosema! Nilimwendea Shangazi na hoja hizi zote. Akanipa ndizi nimenye.

Halafu jioni Babu kaniita pembeni. Nadhani amenihurumia. Kesho asubuhi atanitembeza kihamba chote, shamba la ukoo, anionyeshe mipaka, sale moja la mpakani baada ya jingine, mmea kwa mmea, nani alilipanda na kwa ugomvi gani. Ni yeye peke yake anayejua. Anataka nitunze.

Nitatunza! Safari hii hakuna karatasi kabisa, anatamka naingiza moja kwa moja. Hakuna picha, hakuna kundi, hakuna Primus. Nenosiri tu, la herufi sitini na nne, halijaandikwa popote duniani. Nimelikariri lote tangu saa moja, isipokuwa pale katikati.