Tamko la Kamati ya Ukuta wa Sebule

Mheshimiwa shemeji yangu, mlezi wa kamati na mkaaji wa kudumu wa kiti chenye mto, binti yangu, Mkurugenzi wa Malalamiko, mkwe wangu, mshauri mwelekezi ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, fundi rangi, na jirani unayesikilizia dirishani, ingia tu, itifaki imezingatiwa. (Vicheko. Jirani anaingia.)

Ndugu wajumbe, tangu mama wa nyumba hii atutoke, sebule ikabaki na mimi na redio, uongozi wangu haukulala, bali ulianzisha mchakato shirikishi wa kulinganisha Nyeupe ya Maziwa, kiraka cha kushoto, na Nyeupe ya Ganda la Yai, kiraka cha kulia, na kwa Jumapili kumi na saba mfululizo mmekuja, mmetazama, mmebishana na mmekula. (Shemeji: "Hasa kula.")

Takwimu zinatia moyo. Asilimia sitini wanataka cha kushoto, chenye ubaridi wa kiutawala. Asilimia sitini wanataka cha kulia, chenye uvuguvugu wa kimaendeleo. Na zile zinazozidi mia ni za mkwe wangu, aliyepiga kura pande zote. (Mkwe: "Baba, ilitegemea mwanga.") Katika tathmini ya kina, binti yangu alishikilia kitambaa cha pazia ukutani, akafumba jicho moja kama mama yake, nikalazimika kwenda jikoni kukagua birika.

Leo fundi amekuja na ngazi, na Mkurugenzi anadai uamuzi. (Binti: "Chagua, Baba, tumechoka.") Mama yenu angesema nyeupe ni nyeupe, sogezeni kochi. Lakini ukuta ukishapakwa, Jumapili ijayo mtakuja kutazama nini?

Kwa hayo machache, mlinganisho udumu, viraka oyee. (Jirani, peke yake: "Oyee.") Shukrani za pekee kwa fundi, ambaye kwa ombi langu alipaka viraka vyote viwili kwa brashi moja, kutoka kopo moja, akaitunza siri miezi minne. Rangi ya pili haijawahi kuwepo. Asanteni kwa kuja.

(Binti anamtazama fundi; fundi anaitazama ngazi.)

(Binti: "Panda, fundi, anza kazi. Na wewe Baba, Jumapili tunakuja saa ileile. Ila cha kushoto bado ni kizuri zaidi.")